Kipande cha Sponji

Pikipiki mpya ya Bwanali iliingia Mkunya mchana kweupe ikiendeshwa na mtu mwingine. Mwenyewe alikaa nyuma, kofia kichwani, mikono imeshika vyuma vya siti kama abiria aliyekodi stendi. Aliyeendesha alikuwa Cyril, fundi pikipiki wa Masasi, kijana mwenye miguu mirefu mpaka inaudhi. Watu waliokuwa wakianika korosho waliacha kazi wakasimama. Hii haikuwa kama zile ndogo za bodaboda. Ilikuwa pikipiki ya safari ndefu, pana, yenye kioo mbele cha kuzuia upepo na masanduku mawili magumu ubavuni, na injini yake ilinguruma chini chini kama haina haraka na mtu.

"Ya nani hiyo?" jirani mmoja aliuliza.

"Yangu," Bwanali akajibu kutoka nyuma.

Jirani alimtazama Cyril, kisha akamtazama Bwanali, ndipo akasema hongera. Hongera yenyewe ilichelewa kidogo kutoka, na Bwanali alilisikia lile pengo.

Kosa lilifanyika dukani Masasi. Pale pikipiki ilikuwa imesimamishwa wima kwa vyuma vya duka juu ya jukwaa la saruji. Bwanali alipandishwa, akashika usukani, akajiona kwenye kioo cha mlango, akajipenda. Muuzaji hakumwambia ashuke nayo chini aijaribu, na Bwanali hakuomba, kwa sababu mtu mwenye hela ya korosho mfukoni anaona haya kuomba kujaribu. Ndivyo tulivyo watu wa huku juu mlimani msimu ukituendea vizuri, tunanunua kwa macho. Ilipofika barabarani ndipo akagundua kwamba mguu wa kulia ukigusa lami kwa ncha za vidole, wa kushoto unaning'inia hewani. Pikipiki iliyumba ikamlalia mlinzi wa duka. Ndipo akaitwa Cyril aje aiendeshe.

Bwanali ni mfupi, hilo tuliseme mapema lisitusumbue. Mkewe Zena anamzidi kichwa kizima, na ukoo wote wa Zena ni hivyo hivyo, watu wa kuinama milangoni. Kwa miaka yote ya ndoa Bwanali hakulionea aibu jambo hilo, maana kitandani na shambani urefu haupimwi. Ilibidi anunue pikipiki ndipo apimwe.

Zena aliizunguka ile pikipiki, akafungua sanduku moja, akaenda kuchukua dumu la maji, akajaribu kuliingiza.

"Baba Ashiru, dumu haliingii."

"Hayo si ya madumu."

"Ya nini?"

"Ya nguo za safari."

"Safari ya wapi?"

Bwanali alisubiri Cyril aondoke kwanza. Kisha akasema lile alilokuwa amelibeba tangu Masasi. "Ya kumtoa Ashiru."

Mtoto wao Ashiru alikuwa likumbini na wenzake tangu shule zilipofungwa, huko porini wanakofunzwa na kutahiriwa. Siku ya kutoka, mwali, ndivyo anavyoitwa kila mmoja wa wali hao wa jando, hakanyagi chini. Anatolewa likumbini kwa mabega ya mjomba wake, au siku hizi kwa pikipiki ya mjomba wake, mpaka afike mkekani kwa mama yake, na hapo ndipo mguu wake unapogusa ardhi kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima. Ni kazi ya mjomba. Baba anakaa barazani anapokea pongezi.

"Kaka yangu Sultani ataambiwa nini?" Zena aliuliza.

"Ataambiwa mtoto ana baba."

Zena alilitazama tena lile dumu, akalitoa, akaondoka nalo.

* * *

Sultani alipoambiwa hakugomba hata kidogo. Alisema sawa, shemeji, mtoto wako huyo, mimi nitakuja kula pilau. Kukubali kwake kirahisi kulimuudhi Bwanali kuliko angekataa, kwa sababu sasa hakuna tena wa kulaumiwa. Kilichobaki ni yeye na pikipiki yake.

Alianza kujifunza kuizoea. Kwa miaka aliendesha kipikipiki kidogo cha zamani, kwa hiyo kuendesha hakukumshinda. Kilichomshinda ni kusimama. Ili apande, aligeuza kinu cha Zena kichwa chini, miguu juu, akakiweka ubavuni mwa pikipiki akakikanyaga. Akishapanda na kuondoka, mambo yalikuwa matamu. Akirudi, ilibidi alenge kinu kile kile, na akikikosa anazunguka nyumba tena, na tena, huku kuku wanakimbia na majirani wanajifanya hawaoni. Mara ya kwanza kukikosa kabisa, pikipiki ilimlaza kwenye mchanga karibu na kisima cha maji ya mvua. Zena alitoka na mwiko mkononi, akauweka mwiko kiunoni kwenye kanga, akaiinua pikipiki upande wake mpaka ikasimama.

"Peleka ikapunguzwe," alisema. "Suruali ikiwa ndefu si tunakata?"

"Hii si suruali."

"Hata ukisema si suruali, inakuzidi."

Alisema bila ubaya, na ndiyo maana iliuma. Kesho yake Bwanali aliteremka Masasi. Njia nzima aliomba Mungu asikutane na askari wa barabarani wala ng'ombe. Alipofika kwenye uwanja wa Cyril hakuweza kusimama, akawa anauzunguka mwembe mmoja wa pale uwanjani huku anapiga honi, mpaka Cyril akaja mbio akashika usukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Naomba uifanyie marekebisho kidogo."

"Nilijua utarudi," Cyril akasema kwa furaha ya mtu aliyepata kazi. "Vua viatu basi nikupime mguu."

Walikuwepo vijana wa bodaboda wamekaa kwenye tairi wakisubiri matengenezo yao. Cyril alichukua kamba ya manila, akaishika kwa kidole kwenye nyonga ya Bwanali, akaishusha mpaka kisiginoni, akaifunga fundo. Kisha akainyanyua ile kamba juu mbele ya watu kuitazama vizuri. Kamba ilikuwa fupi. Kijana mmoja akakohoa, mwingine akageuka kutazama barabarani. Bwanali alisimama na soksi zake kwenye mchanga wenye oili, uso unamuwaka, akatamani amwambie Cyril aishushe ile kamba na hakuweza, kwa sababu angekuwa amekiri kwamba kamba inamhusu.

Lakini kazi ilifanyika, na ilifanyika vizuri. Cyril alilegeza springi za shokapu ya nyuma, akazivuta juu fimbo za shokapu za mbele, pikipiki ikainama kidogo kama inasalimia. Akaugeuza usukani ukaja kifuani. Akasogeza mkono wa klachi na wa breki ufikiwe na vidole bila kujinyoosha, akapandisha kanyagio la gia. Siti akaivua ngozi, na kwa kisu cha samaki akaikata sponji, kipande kizima cha upana wa sahani kutoka pale mapaja yanapokaa. Mwisho akapunguza stendi ya pembeni kwa msumeno, maana pikipiki ikishuka na stendi ikabaki ndefu itasimama wima na upepo utaiangusha.

"Panda."

Bwanali alipanda bila kinu. Akashusha miguu. Nyayo zote mbili zikakaa mchangani.

Moyo ulimtulia kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Alitoka pale akaenda mpaka Nanganga bila shughuli yoyote, akanywa soda, akarudi, akaupanda mlima wa Newala kurudi nyumbani jua likiwa bado juu. Mikono haikuuma, mgongo haukuuma. Kila mahali palipokuwa na kisingizio cha kusimama alisimama, kwa ajili tu ya kushusha miguu. Kipande cha sponji alichopewa kwenye mfuko alimpa Zena, na Zena akakishonea kitambaa cha kitenge akakifanya mto wa kukalia wakati wa kubangua korosho. Siku hizo ndani ya nyumba ile kulikuwa na kicheko.

* * *

Kisha Sultani akaja kutembea.

Mashemeji wana haki ya kutaniana, na Sultani hakuwahi kuiacha haki yake ipotee bure. Alikula, akanawa, akatoka nje kuitazama pikipiki. Akaipanda. Magoti yake yakapanda mpaka karibu na usukani, akakaa pale amejikunja kama mtu mzima kwenye baiskeli ya mtoto, akageuka taratibu awatazame watu.

"Shemeji," akasema, "hii pikipiki umeivalisha kaptula."

Watu walicheka. Jirani wa korosho alicheka. Bwanali naye akacheka, ilibidi.

"Na hiyo siku ya kumtoa mpwa wangu," Sultani akaendelea, "mtoto amechukua miguu ya kwetu, mrefu yule. Wewe mbele, yeye nyuma, watu watadhani wali ni wawili."

Hapo Zena alicheka. Alikuwa amekaa kwenye mto wake wa sponji, jiwe la kubangulia mkononi, akacheka mpaka korosho ikamponyoka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kwa sababu kaka yake anachekesha, tangu utotoni anachekesha. Lakini Bwanali alimwona, na kile kicheko kilimwingia mahali ambapo maneno ya Sultani yasingefika.

Siku chache baadaye, zikiwa zimebaki kidogo wali watoke, alimkuta Zena kwenye kazi ile ile.

"Naomba hicho unachokalia."

"Nini?"

"Hiyo sponji. Nina kazi nayo."

Zena alielewa palepale. Akanyanyuka, akaufumua mto nyuzi zake kwa meno, akamkabidhi kipande cha sponji, akakaa kwenye gogo.

"Baba Ashiru, ile pikipiki imekukaa."

"Wewe ndiye uliyecheka."

"Nilimcheka Sultani."

"Mimi nilikuwepo, nilisikia," Bwanali akasema, na akaondoka na sponji kwapani.

Cyril naye alijaribu. Alisema mzee, mguu wako umeshaizoea hii, ukiinyanyua sasa hivi utausumbua. Bwanali akamwambia irudishe ilivyotoka kiwandani, kila kitu. Basi Cyril akakaza springi, akarudisha fimbo za mbele, akakibandika kile kipande kwa gundi na kuivuta ngozi juu yake. Stendi ya pembeni tu ndiyo haikurudi, chuma kilichokatwa hakioti. Pikipiki sasa ikisimama ililala mno upande mmoja. Cyril alimpa nusu tofali, akamwambia awe anaiweka chini ya stendi kila anapoegesha. Bwanali akaiweka ndani ya sanduku la safari ndefu, na hiyo ikawa ndiyo safari ya kwanza ya lile sanduku.

* * *

Siku ya kutoka wali, uwanja wa kina Bwanali ulijaa mapema. Zena na mama wengine wa wali walikaa kwenye mikeka, miguu wameinyoosha, kanga mpya. Ngoma zilisikika kutoka upande wa Makote, zikafuatiwa na honi. Msafara ulikuwa mrefu, kila mwali nyuma ya mjomba wake, miwani myeusi usoni, mwavuli wa rangi juu, macho chini kama walivyofundishwa. Mbele ya wote alikuwa Bwanali. Nakuambieni ukweli, alipendeza. Pikipiki ilikuwa juu, kioo kinameta, vitenge vimefungwa kwenye masanduku, na Ashiru nyuma yake ametulia na suruali nyeupe. Vigelegele vilipanda. Zena mwenyewe alipiga kigelegele, akasahau mambo ya sponji, akamwona mumewe anakuja na mtoto wao na machozi yakamlengalenga.

Bwanali aliingia uwanjani pole pole, akakata kona, akafunga breki mbele ya mkeka. Akashusha mguu wa kushoto pale ulipozoea kuikuta ardhi.

Ardhi haikuwepo. Mguu uliendelea kushuka, na mwili ukaufuata mguu, na ile pikipiki nzito ikaufuata mwili. Haikuanguka kwa kishindo. Ililala taratibu, watu wote wakiitazama inavyolala, na hakuna aliyewahi kuizuia. Sanduku lilimbana Bwanali paja. Mwavuli uliruka. Ashiru aliruka pembeni ili asiangukiwe, akasimama wima, miguu yote miwili mchangani, hatua chache tu kutoka kwenye mkeka wa mama yake.

Vigelegele vilikatika. Ngoma ya mwisho nayo ikanyamaza.

Mzee Shamte, mkulungwa aliyewatunza wale watoto porini, alikuja na fimbo yake ya mkongojo. Hakupandisha sauti.

"Nani amemshusha mwali?"

Bwanali alikuwa chini. Alifungua mdomo. Naamini alitaka kusema, nataka kuamini hivyo. Lakini aliona miguu ya Sultani imesimama karibu na uso wake, akaona viatu vya watu, akaona mkeka, na maneno yakasita kidogo tu. Kule kusita kulitosha.

"Ni mimi, babu," Ashiru akasema, macho chini. "Nilijitikisa."

"Ulijitikisa?"

"Niliwaona wenzangu nikacheka, nikajitikisa. Nimekosa."

"Mwali anacheka?"

"Nimekosa, babu."

Bwanali akaufunga mdomo. Hapa ndipo ninapomkasirikia. Mtoto alikuwa amefundishwa porini amsitiri mkubwa wake, na akafanya alichofundishwa, tena siku ya kwanza. Baba alikuwa na nafasi ya kusema hapana. Ilikuwepo, ndefu kabisa, mzee Shamte alisimama pale akisubiri kama kuna mwingine mwenye neno. Bwanali alitazama mchanga.

Hukumu ilitoka. Mwali aliyekanyaga chini arudishwe mpaka ukingo wa pori, aje tena, wa mwisho kabisa, bila ngoma. Sultani hakutania. Aliinama mbele ya mpwa wake, Ashiru akapanda mabegani, wakaondoka wawili hao kwa miguu kwa njia waliyojia, huku wali wengine wakikabidhiwa kwa mama zao kwa shangwe. Wanawake walishaanza kuimba, na wimbo wetu hauchelewi kupata jina la mtu. Tikisa, Tikisa, mwali kajitikisa.

Vijana waliiinua pikipiki, wakamkabidhi Bwanali usukani, wakarudi kwenye ngoma. Alishusha stendi, pikipiki ikaanza kulala. Nusu tofali ilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku lilikuwa upande wa pili. Asingeweza kulifikia bila kuiachia. Angeweza kumwita mtu yeyote, uwanja ulijaa watu, amwambie naomba tofali langu ndani ya sanduku. Akaona haya. Basi akasimama pale ameikumbatia pikipiki jua linampiga. Sultani alirudi na Ashiru mabegani, akapiga magoti, akamshusha mtoto kwenye mkeka. Zena akamshika mwanawe uso. Wazee wakaenda kumtuza, majirani wakaenda, mpaka watu wa mbali wakaenda. Baba yake alikuwa hatua chache kutoka hapo na hakuweza kwenda, kwa sababu akiiachia pikipiki itaanguka.

Zena alinyanyua macho mara moja tu akamtazama. Kisha akamgeukia mtoto.

* * *

Jioni moja baada ya sherehe, Zena alipakua ugali wa muhogo na kisamvu, akakaa.

"Mtoto anasema alijitikisa," alisema.

"Ndivyo alivyosema."

"Wewe unasemaje?"

"Yeye ndiye aliyesema," Bwanali akajibu, akamega tonge.

Zena hakuuliza tena. Alikuwa amekaa kwenye mkeka ule na kuuona mguu wa mumewe ukitafuta ardhi, aliona kila kitu. Kuanzia hapo alimwandalia chakula, alimwekea maji ya kuoga, alimwitikia kwa adabu zote, na ile adabu ilimwadhibu Bwanali kuliko ugomvi.

Ashiru alikuwa amepewa jina jipya la jando, jina zuri la babu yake. Hakuna aliyelitumia. Watoto waliokwenda kuchota maji walimwita Tikisa. Shule zilipofunguliwa, jina lilimfuata darasani. Mwenye duka alimwita Tikisa akimrudishia chenji. Mtoto aliitika. Bwanali alisikia kutoka barazani sauti zikipita njiani, Tikisa ngoja, Tikisa leta mpira, na kila ilipoitwa alijisikia amevuliwa nguo, na mtoto akiitika ndipo alipojisikia vibaya zaidi. Walipokutana, Ashiru alimwamkia shikamoo baba, vizuri, macho chini. Kamwe hakugusia.

Pikipiki ilikaa imeegemezwa kwenye nusu tofali mpaka buibui akafunga utando kwenye usukani. Siku moja asubuhi Bwanali akaufuta.

"Ashiru, twende Masasi."

Mtoto alikwenda kukileta kinu mwenyewe, bila kuambiwa, akakigeuza, akakishikilia kisiyumbe baba yake apande. Bwanali alikanyaga kinu huku mwanawe amepiga magoti pembeni. Nusura arudi ndani.

* * *

Kwa Cyril palijaa siku hiyo. Mashine ya upepo ilikuwa inanguruma, vijana wa bodaboda wako kwenye tairi zao, na mmoja wao alikuwa wa Newala, anapaki pale njia panda ya kwenda Mkunya, anajulikana na kila mtu. Cyril alikimbia kushika usukani kama kawaida.

"Mzee, tuishushe tena?"

"Ishushe."

"Nilisema mimi." Cyril alichukua spana akaanza, na kwa kuwa ni mtu wa maneno mengi akamgeukia Ashiru. "Na wewe kijana panda nyuma, nipime springi ikiwa na watu wawili. Lakini usijitikise, ee? Tumesikia habari zako."

Vijana wa kwenye tairi walicheka. Wa Newala ndiye aliyecheka zaidi. "Tikisa huyo," akawaambia wenzake. Ashiru alitabasamu kidogo kama alivyokuwa amezoea kutabasamu, akainua mguu apande.

"Hakujitikisa," Bwanali akasema.

Alisema kwa sauti ndogo, na mashine ilikuwa inanguruma.

"Unasemaje, mzee?" Cyril akauliza, anasogeza sikio.

Angeweza kusema si kitu. Alikwishalisema mara moja, na kulisema mara moja kulimchukua wiki zote zile, na sasa anaambiwa arudie. Cyril akanyoosha mkono akazima mashine ili asikie. Watu wote wakamtazama Bwanali.

"Nasema mtoto hakujitikisa," alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Mguu wangu ndio haukufika chini. Mimi nilimwangusha. Kisha nikanyamaza."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Cyril aliitazama spana mkononi mwake. Yule kijana wa Newala alijishughulisha na simu yake. Ashiru alibaki ameshika siti, mguu mmoja juu, hajui aushushe au apande, uso umemwiva, na Bwanali akaona kwamba hata hili amemtia mtoto aibu, maana sasa mbele za watu wote Ashiru ni mtoto wa baba aliyenyamaza.

"Panda, kijana," Cyril akasema polepole.

Kazi ikafanyika. Springi, fimbo, usukani. Kisu kiliifuata sponji pale pale kwenye mstari wa gundi, kipande kikaachia. Cyril akakiweka kwenye mfuko akampa Ashiru. "Mpelekee mama."

Walirudi. Upepo ulikuwa mzuri, pikipiki imemkaa Bwanali kama ile mara ya kwanza. Mlimani walikuta lori limeziba njia, ikabidi wasimame. Bwanali alishusha miguu, nyayo zote mbili zikakaa barabarani, imara kabisa. Akatazama chini kwa furaha ile ya zamani. Ndipo akaona viatu vya shule vya mwanawe vimeshuka pia, huku na huku, vidole vimenyooka kuitafuta lami, tayari kuizuia pikipiki.

"Inua miguu, mwanangu. Inafika."

"Ndiyo, baba."

Viatu vilipanda. Lori likapita, wakaendelea. Kwenye njia panda ya Makote walisimama kupisha mbuzi, na viatu vikashuka tena. Safari hii Bwanali aliviacha vikae.

Walipoingia uwanjani Zena alikuwa kwenye gogo lake, anabangua. Alimwona mumewe anakuja taratibu, mtoto nyuma amekumbatia mfuko wenye sponji. Pikipiki ilisimama mbele yake. Miguu minne ilishuka mchangani kwa pamoja, miwili ya baba na miwili ya mtoto, na ya mtoto ndiyo iliyotangulia.